Barua Isiyongoja

Seremala wa mtaa wetu alikuwa na jina la utani. Aliitwa Kufuli, na hakuna aliyemwonea. Alifunga kabati la vyombo. Alifunga sanduku la randa na misumeno. Hata kopo la misumari lilikuwa na kufuli lake dogo. Ukimuuliza, alijibu, "Akiba haiozi."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walifanya kazi katika karakana moja. Mume alikaa upande wa mlango na vumbi lake la mbao, mke alikaa dirishani penye mwanga.

Chini ya kitanda chao palikuwa na sanduku la chuma. Humo mlikuwa na hati ya kiwanja, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Karatasi yoyote yenye muhuri iliingia humo, na ikishaingia ilikuwa salama kwelikweli.

Asubuhi moja jirani yao alikuja kuchukua gauni lake. Mama huyu alikuwa amestaafu. Alikuwa amechambua barua posta kwa miaka ishirini na saba, na mtaa mzima ulimwita Shangazi Posta. Alilitazama gauni, akalitazama tena.

"Mwanangu, mbona pindo limekwenda upande? Wewe ambaye unashona sawa hata ukisinzia?"

Mke wa Kufuli aliweka mkasi chini.

"Ni macho, Shangazi. Nikitazama taa, naona maduara ya rangi. Pembeni sioni vizuri. Naogopa. Bila macho mimi nitakuwa fundi wa nini?"

"Umekwenda hospitali?"

"Nilikwenda. Walinipima, wakasema wataniletea barua."

"Imekuja?"

"Imekuja wiki iliyopita. Mume wangu ameiweka vizuri."

Shangazi Posta aliposikia "ameiweka vizuri," alimgeukia Kufuli. Alimjua mtu wake.

"Hebu nione hiyo barua, baba."

Kufuli alifurahi kuombwa. Aliingia ndani, akarudi ameishika bahasha kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa hadi ukingoni. Bahasha haikuwa imefunguliwa.

"Mwenyewe ona, Shangazi. Muhuri mwekundu! Nikajua hii ni barua kubwa, siyo ya kuchanwachanwa ovyo. Nikailaza pamoja na hati ya kiwanja."

"Na muhuri wenyewe unasemaje?"

"Kiingereza hicho. Nilidhani ni jina la ofisi."

Shangazi Posta alivuta kigoda, akaketi.

"Neno hili ni URGENT. Maana yake, jambo hili halingoji. Lishughulikie sasa hivi."

"Si ni sawa na kusema ni muhimu?"

"Hapana, baba. Hati ya kiwanja ni muhimu, na inaweza kukaa sandukuni miaka thelathini isipungukiwe kitu. Lakini yenye neno hili ikikaa, kuna kitu kinaharibika. Jiulize hivi: nikichelewa, nini kitaharibika kisirudi tena? Kama kipo, hiyo ndiyo URGENT. Kule posta tulizitoa barua hizi kwanza, hata chai ilisubiri."

"Haraka haraka haina baraka," Kufuli alisema kwa sauti ndogo.

"Na chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Fungua!"

Kufuli alifungua bahasha kwa ncha ya patasi. Shangazi alisoma, akawaeleza kwa Kiswahili. Presha ya macho ya mama imepanda sana. Arudi hospitali ndani ya siku kumi. Alitazama tarehe, akahesabu kwa vidole. Siku ile ilikuwa ya tisa.

Kufuli aliweka patasi chini. "Nilikuwa nakutunzia," alimwambia mkewe.

"Najua, baba watoto. Twende."

Waliondoka papo hapo. Karakana iliachwa wazi, na Shangazi Posta akabaki kuilinda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alipima jicho moja, kisha la pili.

"Mama, uwezo wa kuona uliopotea hatuwezi kuurudisha. Uliobaki tunaweza kuulinda. Utaweka matone haya kila siku, bila kuruka hata moja, na utakuja kupimwa. Wengi hufika wameshachelewa. Nyinyi mmewahi."

Kufuli alivua kofia, akajifuta uso nayo. Alishukuru mara tatu kabla hawajafika mlangoni.

Tangu siku hiyo, kila barua nyumbani kwao ilifunguliwa siku ileile ilipofika. Neno lisiloeleweka lilipelekwa kwa Shangazi Posta kabla jua halijazama.

Kwa kweli Kufuli alilipenda neno lile kupita kiasi. Aliliandika kwa chaki kwenye kila meza, kila kiti, hata kwenye kopo la gundi. Shangazi alipoona, alicheka mpaka akashika mlango.

"Baba, ukiliandika kila mahali, siku ya hatari nani atageuka?"

Kufuli akayafuta yote kwa aibu. Aliliacha kwenye kazi moja tu, magongo ya jirani aliyevunjika mguu.

Miezi sita ikapita. Daktari alipima tena, akasema presha imeshuka na uwezo wa kuona haujapungua. Mke wa Kufuli alilia kwa furaha palepale kitini. Walipofika nyumbani, mume na mke walikaa kuandika barua ya shukrani kwa hospitali. Walishukuru kwa mistari mingi. Mwishoni wakaongeza ombi moja: muhuri ule mwekundu uandikwe pia kwa Kiswahili, "Fungua leo."

Walimpelekea Shangazi Posta aandike anwani.

"Shangazi, tuweke lile neno?" Kufuli aliuliza kwa woga.

Shangazi alitabasamu. "Barua ya shukrani? Haya, jiulize. Ikichelewa, nini kitaharibika?"

Mkewe ndiye aliyejibu.

"Macho ya mwenzangu, Shangazi. Huenda sasa hivi kuna barua nyingine imewekwa vizuri mahali."

Shangazi Posta alichukua kalamu nyekundu, akaandika.