Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Alinga

Asubuhi ya nne tangu Alinga arudi kutoka vitani, Amongin alimimina chai vikombe viwili, akatoka kufukuza kuku waliokuwa wakiparua mboga, na aliporudi ndani akakuta vikombe vyote vitupu. Alinga alikuwa bado amelala, ameugeukia ukuta, midomo imepasuka kwa kiu.

"Umekunywa chai yote?"

"Chai gani?" Alinga akauliza bila kugeuka.

Amongin akacheka, akamimina nyingine. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na mwenye furaha hana habari na vikombe.

Walikuwa wamejuana kwenye foleni ya malori pale mpakani Malaba, Amongin akiuza chai na chapati, Alinga akiwa taniboi, utingo wa lori la kwenda Juba. Kila safari kijana huyo alisimama mbele ya birika, akavua kofia kama yuko ofisini kwa mkubwa. "Bosi, niwekee chai, usiniwekee maneno." Kisha anacheka, kicheko kinachoanzia puani na kupasuka ghafla, mpaka madereva wazee wanacheka naye bila kujua wanacheka nini. Penzi ni kikohozi, na kabla ya mwezi kwisha foleni nzima ilikuwa inajua. Walikubaliana afanye safari mbili zaidi, kisha apeleke ng'ombe wa kwanza kwa wazazi wa Amongin.

Safari ya kwanza kati ya hizo mbili ndiyo iliyokutana na vita. Msafara ulishambuliwa njiani, malori yakachomwa, simu ya Alinga ikazimika.

Mama yake, Akiteng, alingoja miaka miwili. Lakini aliyefia mbali haachwi azurure bila pa kulala. Wazee wa ukoo wakakata mgomba wa kimo chake, wakauvisha shati lake la bluu, wakauzika nyuma ya nyumba yake huko kijijini Moding. Katekista akaomba, watu wakala, wakatawanyika. Amongin hakukubali. Kila Jumanne alikuwa akimpelekea Akiteng sukari, na kila Jumanne alikuwa akimwambia, "Mama, huyo bado ako hai."

Basi Jumanne moja, saa nane mchana, Alinga akatokea barabarani kwa miguu, mkoba wa nailoni mkononi, amekonda. Akasimama nje ya lango la mti. Akiteng alimwona kutoka jikoni, akapiga ukelele.

"Asiingie! Wacheni asimame hapo hapo!"

Moding nzima inalijua jambo hili. Mtu aliyekwisha kuzikwa hapitii langoni. Anachinjiwa mbuzi huko huko nje, ukuta wa nyuma ya nyumba yake unatobolewa, na anaingizwa kinyumenyume kwenye tundu hilo, kimya, bila kuitwa jina, ili yule aliyezikwa badala yake asidhani kwamba anayekaribishwa ni yeye. Amongin alilijua pia. Lakini ningependa kumwona huyo mwenye kungoja miaka miwili na nusu halafu angoje na mbuzi. Alikimbia, akamshika mkono, akamvuta ndani ya lango huku akipaza sauti, "Alinga! Alinga, ingia!"

Wakaingia. Akiteng akaketi chini palepale jikoni, akajishika kichwa. Tangu siku hiyo Amongin hakurudi kwao, alihamia nyumbani kwa Alinga.

Baada ya vikombe yakafuata mashuka. Upande wa ukutani, ambako hakuna aliyelala, palipatikana madoa ya kahawia, yale ya utomvu wa mgomba ambayo hata kwa sabuni ya kipande hayatoki. Ikafuata harufu, ya mgomba uliokatwa asubuhi ile, mbichi, ya majimaji, ikikaa ndani ya nyumba hata madirisha yakiwa wazi. Sahani ya Alinga ilikwisha kabla hajanawa mikono. Naye alizidi kupungua, mbavu zikawa zinahesabika, na alikaa siku nzima akitazama barabara bila neno wala tabasamu. Amongin akajiambia ni vita. Atarudi taratibu, si amefika juzi tu?

Siku ya kumi, saa saba mchana, jua likiwa limesimama utosini na mabati yakilia kwa joto, Amongin alikuwa uani akianika wimbi. Alinga alikuwa ameketi mbele yake, hatua tatu tu, mgongo ukutani.

"Alinga," akamwita, "niletee ule ungo."

"Nakuja, Bosi!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Alinga aliyeketi mbele yake hakuwa amefungua mdomo, na kutoka kule ndani, kwenye chumba ambacho Amongin alikuwa amekifagia na kukiacha kitupu, kikafuata kicheko, kile kile cha foleni ya Malaba, kikianzia puani na kupasuka, kicheko alichokuwa akikiota kwa miaka miwili na nusu, na nyuma ya kicheko zikafuata nyayo za miguu iliyolowa, chap, chap, chap, zikija mlangoni pasipo haraka, hadi pazia likasukumwa kwa nje kama anayelisukuma ana mikono iliyojaa, na ungo ukawekwa kizingitini.

Wimbi likamwagika.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nasikianga tangu siku ya kwanza," Alinga akajibu, naye kwa kunong'ona. "Ndiye anakula."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ni vitu za kule. Kule mtu anasikia mambo mingi."

Jioni hiyo hiyo Akiteng akamleta Petronilla, mama mmoja mfupi aliyekuwa hakosi misa ya kwanza Jumapili wala hakosi dawa za miti katika kikapu chake. Petronilla hakuingia ndani. Alinusa tu mlangoni, akarudi nyuma.

"Nani alimvuta kwa lango?"

"Ni mimi, mama," Amongin akasema.

"Na ukaita jina?"

"Nikaita."

"Basi uliwaita wawili, na wakaingia wawili. Jina ni moja, uhai ni mmoja. Huyu wenu hatamaliza wiki." Hakusema kwa hasira, na ndiyo sababu Amongin alianza kulia.

Dawa ilikuwa moja. Kesho yake ukuta wa nyuma utatobolewa, na aliye hai atolewe hapo akiwa na jina jipya, Ejoku, wala asiitwe tena lile la zamani na yeyote. Atavushwa mto wa mpakani, apelekwe kwa mjomba wake upande wa Tororo. Lakini yule mwingine akijua ameachwa, atafuata. Lazima aliyemvuta akae naye, amshike mkono mpaka jua linapotua, kisha amwambie mara tatu kwamba amekufa.

"Usimwachilie kabla ya tatu," Petronilla akasema. "Na usipitishe magharibi."

Ndivyo ilivyokuwa. Ejoku alitoka kupitia tunduni akiwa amebebwa, mwepesi, na Petronilla akamfunga kwa leso nyuma ya mwenye bodaboda kama mtoto, naye akapanda nyuma yao. Amongin akaketi kitandani peke yake, simu mapajani, akanyoosha mkono upande wa ukutani.

"Alinga," akaita.

Harufu ikaja kwanza. Kisha godoro likabonyea, na vidole baridi, vya majimaji, vikaingia kati ya vidole vyake kimoja kimoja. Hakugeuza kichwa.

"Bosi. Umenitisha, nilidhani umeenda sokoni."

Akawa anaongea. Ee Mungu, alivyoongea! Alimkumbusha siku mvua iliposomba chapati zote na wao wakazikimbiza mtaroni, akamkumbusha dereva mzee aliyelala foleni ikamwacha, akacheka, na Amongin, aliyekuwa ametokwa na jasho la hofu mpaka kanga imemganda mgongoni, akajikuta anacheka naye. Woga ulikuwa bado upo. Ila huyu ndiye aliyependana naye. Kwenye njia ya Juba vita vilimchukua kijana huyu, vikarudisha mtu mwingine mwenye uso wake.

"Yule hajakuita Bosi hata mara moja," sauti ikasema taratibu.

Ilikuwa kweli.

Jua likaanza kushuka. Amongin akasema, "Alinga, ulikufa. Tulikuzika."

Vidole vikakaza.

"Alinga, ulikufa. Tulikuzika."

"Unataka yule, Bosi? Kweli?"

Mara ya tatu haikutoka. Mwanga ukawa mwekundu ukutani, mwekundu ukawa wa kijivu, na yeye bado ameketi, akisikiliza pumzi za mtu anayempenda, akifikiri kwamba labda kuna njia nyingine, labda Petronilla hajui yote, labda watu wawili wanaweza kuishi kwa uhai mmoja kama watagawana vizuri, na alipokuwa akiwaza hivyo ule mkono uliokuwa baridi ukaanza kupata joto, kwanza kiganjani, kisha vidoleni, mpaka akasikia mshipa ukipiga.

Simu ikalia.

"Amongin!" Ni Petronilla, anahema. "Umesema ya tatu? Ejoku ameanguka hapa, macho imegeuka, hapumui! Sema, mama, sema!"

Mkono ulikuwa mkavu sasa, wa joto, wa mtu. Kidole gumba kikampapasa mgongo wa kiganja, kama zamani.

"Alinga," Amongin akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Alinga, ulikufa. Tulikuzika."

Akafungua vidole. Mkono ulimtoka ukiwa bado una joto.

Hakuna kilichopiga kelele wala mlango uliobamizwa. Upande wa ukutani godoro liliinuka polepole. Simuni Petronilla akasema, "Amepumua. Ametema mate. Anaitisha maji."

Amongin akapiga yowe. Alilia kwa kujitupa chini, jinsi wanavyolia waliofiwa, mpaka majirani wakaja mbio wakiuliza ni nani, na Akiteng, aliyekuwa anajua vizuri kwamba mwanawe yuko ng'ambo anakunywa maji, akavua kitambaa chake, akaketi sakafuni, akalia naye.

Kesho yake asubuhi Amongin alivuka mpaka kwa miguu pale Malaba, chupa ya chai kwapani, macho yamevimba. Ofisa aliyekuwa dirishani akachukua kitambulisho chake.

"Unaenda wapi, dada?"

"Tororo."

"Kuona nani?"

Jina la zamani lilimfika ulimini. Akalirudisha.

"Anaitwa Ejoku."

"Ni mtu wenu?"

"Bado hatujajuana," Amongin akasema. "Ndiyo naenda."