Ukuta wa Theluji wa Corinne

Kila asubuhi, kabla ya kupanda basi la shule, Corinne Hadley alipita katikati ya chuo alikofanya kazi mama yake. Njiani alikutana na roboti namba saba, kisanduku chenye magurudumu sita, akipeleka kifungua kinywa bwenini. Akizuiwa, roboti husimama na kusema kwa adabu, "Samahani, naomba njia." Corinne hakuchoka kuyasikia maneno hayo. Theluji ilipoanguka, akabuni mchezo: alimjengea ukuta wa theluji pande zote, akamwacha akibembeleza.

Kazi ya mama yake, Loretta, ilikuwa kuwakwamua roboti. Jumatano alirudi nyumbani viatu vimelowa chepechepe, hasira zimemfika kooni.

"Huyo namba saba atanitoa roho!" alifoka, akivua soksi. "Siku ya tatu leo! Namwacha mzima, nageuka tu, kakwama. Bwana Pruitt anadai sikagui magurudumu. Kesho akikwama tena, kazi sina."

"Labda ni theluji tu, Mama."

"Theluji gani inamkamata palepale kila siku? Usinichoshe, mtoto wewe!"

Corinne aliyasukuma makaroni yake kando. Akaweka uma chini. "Ni mimi, Mama. Namzungushia ukuta ili aniombe njia."

Loretta alibaki ameshika soksi mkononi. "Corinne! Siku tatu nahangaika na baridi, kumbe mchawi wangu nakula naye meza moja?"

Asubuhi alimpeleka moja kwa moja kwa Bwana Pruitt, msimamizi wake. Corinne alikiri kila kitu. Bwana Pruitt alishusha pumzi ndefu. "Loretta, nimekugombeza bure. Nisamehe."

Hayakuishia hapo. Loretta alimkabidhi binti yake bakuli la uji wa shayiri, wakapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya bweni alikopeleka chakula namba saba. Mlango ulifunguliwa na kijana mwenye magongo, mguu wake umefungwa plasta.

"Hatimaye uji wa moto!" alisema. "Siku tatu nakula barafu. Nani kaniroga?"

"Mimi," Corinne alisema. "Naomba radhi."

Walipokuwa wakishuka, Loretta alimshika bega.

"Roboti haoni uchungu, mwanangu. Mimi niliyemfuata kwenye baridi nauona, na yule aliyemsubiri na njaa anauona. Kabla ya kucheza na kazi ya mtu, waulize wenye kuumia. Na ukikosea, uniambie siku hiyohiyo, si mpaka nikaribie kufukuzwa."