Puto Juu ya Shamba la Mama Émilienne

Jumamosi, tarehe 11 Juni 1994. Asubuhi hiyo baridi ya kiangazi ilikuwa imekaa juu ya mji wa Likasi. Ukungu mwembamba ulilala kwenye mabati ya mtaa wa Kikula, jua likatoka jeupe bila joto, na upepo haukuwapo kabisa.

Sokoni Kikula watu walijikunyata ndani ya makoti ya mitumba. Georgette alikaa mbele ya miavuli. Alikuwa mshonaji, alinunua miavuli iliyovunjika, akaitengeneza na kuiuza. Alijua vizuri kwamba mwezi wa sita hakuna anayenunua mwavuli, lakini nyumbani palikuwa kimya mno. Baba yake alikuwa amefariki. Kaka zake walivuka kwenda Zambia kazi za migodi zilipokufa. Majirani wa kushoto na wa kulia walifunga milango, wakapanda treni, na hakuna aliyerudi. Jioni alisali rozari peke yake, akajibu mwenyewe sala ambazo zamani nyumba nzima iliitikia. Sokoni angalau mtu alimkanyaga mguu, akamwomba radhi.

Siku hiyo aliyemkanyaga alikuwa kijana mrefu mwenye koti la ngozi lililopauka, skafu nyekundu shingoni, na viatu vilivyong'aa kama vya bwana harusi.

"Pardon, dada," alisema, akainama kushika kitambaa cha mwavuli mmoja. "Hii ni nailoni ya kweli. Yote minabeba."

Georgette alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Papa, weye unaona mvua fasi gani?"

"Minye sitafuti mvua. Minatafuta kupanda kule mvua inatokea."

Wauza samaki wa meza ya jirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kijana hakutania. Jina lake lilikuwa Germain. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa mhandisi mmoja Mbelgiji, Bwana Georges, aliyekuwa na puto kubwa la hewa moto na kulirusha kila kiangazi. Baada ya uporaji wa askari mwaka 1991 Bwana Georges aliondoka na sanduku moja tu, akamwachia Germain puto, kikapu na mitungi. Panya walikuwa wamekula kitambaa. Sasa Mama Hortense, mwenye duka la mikate, alikuwa tayari kumtafutia gesi, mradi jina la duka lake lionekane mbinguni. Kilichokosekana ni viraka, na mkono wa kuvishona.

Georgette alishona wiki nyingi katika ukumbi wa parokia, amezama ndani ya kitambaa cha rangi ya machungwa kama mtu aliye ndani ya tunda. Germain alikaa upande wa pili, akipaka nta kwenye uzi na kumwita Mama Mvua. Alimweleza raha ya kule juu: unavyoondoka ardhini bila kusikia kitu, wala upepo, kwa sababu unakwenda pamoja nao. Alimweleza hatari pia: nyaya za umeme, gesi kwisha, na zaidi ya yote kutua. Kikapu kikigusa ardhi, alisema, mtu asishuke mpaka rubani atoe ruhusa, kwani akishuka mmoja, kikapu kinakuwa chepesi na kinapanda tena na waliobaki.

Kabla puto halijakamilika, Georgette aligundua kwamba jioni alikuwa ameacha kuhesabu milango iliyofungwa mtaani. Germain alipomwomba wafunge ndoa, alikubali bila kumsumbua. Basi mjomba wa Germain, Papa Étienne, akasafiri hadi Kapolowe kupiga hodi kwa mama yake Georgette, Mama Émilienne, mjane aliyelima mahindi huko. Zawadi ya kwanza ya posa ikapokelewa. Tangu siku hiyo Germain akawa mukwe, na mukwe ana sheria zake. Haangaliani uso kwa uso na mama wa bibi harusi, hapiti mbele yake, akikutana naye njiani huingia porini. Hivyo ndivyo atakavyoishi mpaka siku mama mwenyewe atakapompikia na kumwita mezani.

Mwisho wa Julai, parokia ya Kapolowe ilipofanya sikukuu yake, Mama Hortense akataka puto lirushwe huko. Alfajiri walilijaza hewa moto kwenye uwanja karibu na reli. Georgette alivaa kitenge kipya cha kijani na sweta ya baba yake. Germain alimwinua akamwingiza kikapuni mbele ya umati.

"Unaogopa, chérie?"

"Minye? Weye njo unatetemeka."

Kamba zikaachiwa. Ardhi ikaondoka chini yao taratibu. Georgette aliona nyumba, mbuzi, watoto wakikimbia, ukungu ukiwa umelala juu ya maji ya ziwa la Mwadingusha. Germain alipozima moto, kimya kikawa kikubwa kuliko kimya cha kanisani. Akamshika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yake, kimya hakikumtisha.

Upepo dhaifu uliwapeleka juu ya mashamba, na Germain akachagua mahali pa kutua, shamba lililokwisha kuvunwa. Kikapu kikagusa mabua, kikaruka kidogo, kikatulia. Georgette alikuwa bado anacheka, macho juu kwenye puto. Hapo akamwona Germain akigeuka ghafla, akijifunika uso kwa koti, na kuruka nje.

Kikapu kikapanda kama kizibo cha chupa. Aliita jina lake mara mbili. Chini alimwona akikimbia, mikono juu, akawa mdogo, akawa nukta. Halafu hakuna kitu. Juu hakuna anayekukanyaga mguu. Aliomba kwa sauti, na sauti yake ikamrudia mwenyewe. Kisha akakumbuka kamba nyekundu inayofungua kilele cha puto ili hewa moto itoke. Akaivuta, akaiacha, akaivuta tena huku akilia, mpaka maji yakamkimbilia. Wavuvi walimtoa kwenye matete ya ziwa akiwa hai, mkono wa kushoto umevunjika.

Walimlaza nyumbani kwa mama yake. Siku hiyo hiyo Germain alifika hadi langoni, lakini akasimama nyuma ya ua kwa sababu mama mukwe alikuwa ndani. Georgette alimtuma mtu kumwambia aende zake. Alikuwa na hakika moja: kikapu kilipotikisika, mwanaume aliokoa roho yake mwenyewe.

Mama Émilienne ndiye aliyemfungua macho, bila kujua anafanya nini. Alikuwa akimlisha uji, akatabasamu peke yake. Alisema alikuwa amesimama pale shambani kwake puto liliposhuka, hatua chache tu. Germain alipomwona akafunika uso na kukimbilia mabua, kama watu wa zamani walivyofanya. Vijana wa leo hawajui tena mambo hayo, mama alisema, amelelewa vizuri.

Georgette alisukuma kijiko kando. Kwa hiyo hakukimbia kifo. Alikimbia macho ya mama. Yeye aliyewafundisha wengine wasishuke, mwili wake ulitii malezi kabla akili haijasema neno. Alitaka jambo hilo limpoze, lakini liliuma zaidi. Mwoga anaweza kujifunza ushujaa. Lakini mwanaume anayeweza kukuacha peke yako kwa ajili ya heshima atakuacha tena, na watu watampongeza.

Simu za Likasi zilikuwa zimekufa siku nyingi. Germain, aliyekuwa amerudi huko, akatumia redio ya misheni, phonie, ambayo kila mtu anayesubiri zamu yake husikia. Furere Michée, mtawa wa misheni ya Kapolowe, alimwita Georgette, akamkalisha mbele ya chombo, mkono wake uliovunjika ukining'inia kwenye kitambaa. Anayempa mwenzake zamu husema "à vous", anayefunga mazungumzo husema "terminé". Watu walikuwa wamejaa mlangoni.

"Georgette, minye Germain. Unanisikia? À vous."

"Minakusikia. À vous."

"Chérie, mukono iko namna gani? Kila usiku minaona kikapu. Minaomba unisamehe. À vous."

Georgette alibonyeza kitufe. "Heshima yote ulipatia mama," alisema. "Basi kuya umuoe yeye. Terminé."

Mlangoni watu walishika midomo. Neno kama hilo halisemwi. Bibi mmoja alicheka, akafanya haraka ishara ya msalaba. Georgette alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Usiku huo alisali, lakini alipofika kwenye maneno "utusamehe", akanyamaza.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, majirani walikuwa wamekaa uani pamoja na katekista na Papa Étienne, aliyekuja kujaribu kutengeneza mambo. Germain aliingia langoni bila skafu, viatu vimejaa vumbi la barabara. Mama Émilienne alipomwona aliinuka haraka ili aingie ndani, kama desturi inavyotaka.

"Mama, usiende," Germain alisema.

Papa Étienne alimwita kwa jina kumwonya. Germain hakugeuka. Alivuka ua, akasimama mbele ya Mama Émilienne, akamtazama usoni. Mtu mmoja alinung'unika kwamba kijana amepotea. Mama alibaki ameshika mlango, hajui kama akasirike. Georgette alisimama mlangoni nyuma ya mama, akishikilia mkono wake mgonjwa.

"Mama, minakuheshimu," Germain alisema, na sauti ilifika hadi barabarani. "Faini yenye mutanikata, minalipa. Lakini munisikie bote, na katekista ashuhudie mbele ya Mungu. Siku yenye heshima yako na mukono ya Georgette bitanivuta pande mbili, minye nitashika mukono ya Georgette. Hata kama unaniangalia vile unaniangalia sasa."