Uzi Mwekundu Kwenye Gurudumu la Nyuma

"Lete hiyo mikono yako laini hapa," nilimwambia Kinyozi. "Leo inachafuka."

Alikunja shati bila kuuliza. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, mgongo umemkaza, anatutazama kama msimamizi wa mtihani.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Kesho yake saa nne wazee wa Bingwa, mwenye gereji, walikuwa wanakuja kuniposa, na baba alishakubali kuwapokea. Mimi nampenda Kinyozi, mwaka wa pili sasa, na baba nilishamwambia waziwazi. Jibu lake lilikuwa lile lile: Bingwa ni mtu wa kazi, ndiye aliyetutengenezea gari mwezi uliopita, huyu wako anajua vichwa tu.

Basi nikambana kwenye gari hilo hilo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanavuma, ingawa Bingwa alikaa nalo siku mbili akasema ametia grisi beringi zote za nyuma. Kelele eti ni za tairi. Nikamwomba baba nifungue mwenyewe, aone kwa macho yake.

"Fungua," alisema. "Ila ukikuta kazi imefanyika, kesho unawapokea wageni na hununi."

Nilikubali, nikachukua spana.

Mimi ni fundi cherehani, lakini baba alikuwa dereva maisha yake yote na hakuwa na mtoto mwingine wa kumshikia spana. Tulizuia magurudumu ya mbele kwa matofali, tukainua nyuma kwa jeki, tukaweka na stendi. Tairi likatoka. Nikagonga kikofia cha chuma cha katikati, kikaniangukia kiganjani. Ndani kilikuwa kimejaa grisi mpya, inang'aa. Baba akakohoa, kile kikohozi cha mtu aliyeshinda.

Kinyozi aliinama akachungulia, kisha akauliza huu uzi ni wa nini.

Nikapangusa grisi kwa kidole. Pini inayozuia nati isilegee ilikuwa imezungushiwa uzi mwekundu, umeingia weusi, na fundo lilikuwa langu. Tangu nikiwa darasa la tano, kila tukifunga gurudumu na baba huwa nafunga uzi pale kwenye pini. Ni mchezo wetu wa nyumbani. Nati haitoki mpaka pini itoke, na pini haitoki mpaka uzi ukatwe. Uzi ulikuwa mzima.

"Baba, njoo uone."

Alikuja taratibu, mkono kiunoni. Aliupapasa uzi kwa kidole, akatoa simu, akampigia Bingwa na kuweka sauti ya nje.

"Mwanangu, yale magurudumu ya nyuma uliyafungua yote mawili?"

"Yote, mzee wangu. Nimetoa beringi, nimezisafisha, nimezijaza grisi kwa mikono yangu mwenyewe."

"Na uzi?"

"Uzi gani tena, mzee?"

Baba akakata simu. Akanipa mkasi wangu mwenyewe, nikakata. Beringi zilitoka kavu, moja imeungua mpaka imekuwa ya bluu; grisi mpya iliishia kwenye kikofia tu. Gari hilo ndilo ninalompelekea baba hospitali kila wiki, na njia yetu ina mteremko mkali. Baba alikaa juu ya tofali pale pale, yeye ambaye daktari amemkataza kukaa chini.

Simu yangu ikalia kwa ujumbe wa Bingwa: "Mwambie mzee tuongee kiutu uzima. Hivyo ni vitu vidogo."

Nikamjibu: "Gurudumu kuchomoka na baba yangu ndani si kitu kidogo. Kesho usitume watu."

Ile iliyoungua tuliibadilisha kwa mpya ya dukani. Zilizobaki tuliziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Nikamwonyesha Kinyozi: grisi kiganjani, unakandamiza ukingo wa beringi mpaka grisi itokee upande wa pili. Alifanya polepole, kwa adabu, kama anamnyoa mtoto mchanga. Ila ilipofika zamu ya nati aliikaza kwa nguvu zake zote, mishipa ikamtoka.

"Umeikaza mno," baba alisema. "Hivyo unaichoma beringi na wewe."

Nilijua Bingwa angebisha. Kinyozi alimpa baba spana kwa mikono miwili.

"Nifundishe, mzee."

Baba akamfundisha: kaza huku unazungusha, kisha legeza, kisha rudisha kwa vidole tu. Gurudumu likazunguka kimya. Wakarudia la pili, nami nikawa wa kushika taa na kutabasamu peke yangu.

Baba akajifuta mikono. "Wazee wako kesho saa nne wana shughuli?"

"Hapana, mzee," Kinyozi alijibu.

"Basi waje. Vikombe vimeshaoshwa."

Nilitoa uzi mwekundu mfukoni, nikainama nifunge kama kawaida. Baba akanizuia.

"Afunge yeye."

Lilikuwa fundo baya kuliko yote niliyowahi kuona, na nililitazama mpaka machozi yakanitoka.

Kesho yake wazee wa Kinyozi hawakuja kwa miguu. Baba alikwenda kuwachukua mwenyewe, na gari liliporudi hatukulisikia mpaka lilipofika mlangoni.