Kishindo Kutoka Shimo la Kulia

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la rangi.

"Benki iko nyuma ya ukuta huu," alisema Bosi. "Leo chumba cha fedha kimejaa. Kesho hamna kitu. Mpimaji, wakumbushe njia."

Wiki nzima Mpimaji alijifanya anatafuta maji ya kisima. Alitoboa mashimo membamba uani, akawa anagonga nyundo ndani ya moja huku akisikiliza kwa vipokezi alivyoshusha katika mengine. Penye udongo mgumu kishindo hufika chapuchapu. Penye kifusi hujikokota.

"Kushoto kugumu, ila paa la handaki litasimama. Kulia ni shimo la taka la zamani. Msiguse."

Bosi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Kumbe alikuwa na lake!

"Tumekusikia, kaka," alisema Fuko, mchimbaji wao, akicheka. Alikuwa mdogo wake Mpimaji. Mama yao alifariki Fuko akiwa bado ananyonya, na Mpimaji ndiye aliyemlea.

Saa saba mchana. Fuko yuko chini. Mpimaji yuko uani, macho kwenye skrini ya vipokezi vyake, kila pigo la sururu likitokea pale. Kipokezi cha kulia ndicho kilichokuwa kinatangulia kulipokea. Akadhani amechanganya nyaya. Akazibadilisha. Bado kulia.

Akakimbilia ndani. Bosi alikuwa ameketi mdomoni mwa handaki, bastola pajani.

"Umegeuza njia?"

"Kushoto tungefika mwakani. Kulia kunachimbika kama unga."

"Mtoe mdogo wangu!"

"Amebakiza kidogo. Usinipigie kelele."

Mpimaji aligeukia mlango. "Basi nikalete mbao za kushikilia paa."

"Fanya haraka."

Mbao hakuzigusa. Alizunguka kona mbio, akaingia benki, akamshika mlinzi mkono.

"Chini yenu kuna wezi, na mimi ni mmoja wao. Ita polisi. Waje na machepe kabla ya bunduki, nakuomba!"

Polisi walipomtia Bosi pingu, handaki lilikuwa limeshaporomoka. Walichimba kwa zamu, Mpimaji akichimba nao kwa mikono mitupu, kucha zikitoka damu. Wakampata Fuko, wakamvuta kwa miguu. Hakutikisika. Kisha akakohoa.

Alifumbua macho, akaona sare, akamwona kaka yake.

"Umetuuza," alisema, akamtemea usoni mate yaliyojaa udongo.

Mpimaji hakujifuta. Alikuwa analia.

"Tema tena, mdogo wangu. Utoe udongo wote."