Sabuni Lazima Walale

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, mke wangu asipate raha ya kuwasimulia kwanza.

Mke wangu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni za miche. Sabuni zao zilinukia vizuri, ila zilikuwa laini. Ukifua shati na suruali, mche kwisha! Mwenye duka aliyeziuza akawaonya: "Mkiniletea tena sabuni laini, tafuteni duka lingine." Na duka lingine halikuwepo.

Ndipo akaja mgeni, mama wa makamo kutoka nchi ya mbali. Kwao naye hutengeneza sabuni, na alikuja kujitolea kwa miezi michache. Akina mama wakambandika jina: Mama Povu. Kiswahili alijifunza vitabuni, kwa hiyo kilichechemea kidogo. Mimi, fundi baiskeli, nikajipa ukalimani. Niliwahi kubeba mizigo ya wageni hotelini, nani anizidi?

Alasiri moja akina mama walikata sabuni mpya, wakazipanga mezani. Mama Povu akazitazama, akatabasamu.

"Vizuri sana. Sasa lazima walale," akasema, akatoka kwenda mjini kwa seremala.

"Nani alale?" mke wangu akaniuliza.

"Nyinyi! Amewaonea huruma. Nendeni mkapumzike."

"Mgeni ana utu huyu," akasema mama mmoja, glavu tayari keshavua.

Wakaondoka wote. Nami nikaona nisikae bure. Nikazifunga sabuni zile mbichi kwa nailoni, nikazijaza kwenye maboksi, nikapakia baiskeli, huyoo dukani!

Haikupita wiki, siku ileile Mama Povu aliporudi kutoka kwa seremala, mwenye duka akazirudisha mwenyewe. Zilikuwa zimetoka jasho na kugandana.

"Fundi, hii ni sabuni au uji?" akaniuliza. "Kuna mteja mikono inamwasha!" Akamgeukia mke wangu. "Mama mwenyekiti, mimi basi. Nimechoka."

Mama Povu akashika kichwa. "Lakini mimi nilisema walale!"

"Si walilala?" nikajitetea. "Wengine mpaka wakakoroma."

"Sabuni! Sabuni walale!"

Mke wangu akaangua kicheko hadi akakaa chini. "Mama wee! Sabuni *zilale*, mgeni wetu. Wanaolala *walale* ni watu." Akanigeukia. "Na wewe, mkalimani wa mabegi, mdomo wa kuuliza ulikuwa umemwazima nani?"

Ukalimani nikavuliwa papo hapo.

Mama Povu akatuonyesha vichanja vya mbao alivyoagiza kwa seremala. "Sabuni mbichi ina maji mengi," akaeleza. "Na dawa kali tuliyochanganya na mafuta haijamaliza kazi. Ndiyo inawasha."

"Kama mahindi," akasema mke wangu. "Mabichi hatuyafungi kwenye gunia. Yataoza."

"Ndiyo! Hapa weka, acha nafasi. Upepo apite."

"Upepo *upite*," wakamsahihisha wote kwa pamoja, na yeye akacheka kuliko wote.

Basi wakazipanga sabuni nyingine kwenye vichanja, kivulini, kila mche peke yake. Wakawa wanazigeuza, na wakavumilia zaidi ya mwezi. Mke wangu akamwendea mwenye duka na mche mmoja tu.

"Fua nao kwanza, ndugu yangu. Usipoupenda baada ya hapo, sitakusumbua tena."

Mwenye duka akaugonga mezani: ko! ko! Akaenda nao nyumbani. Kesho yake akaja mbio. "Leteni zote!"

Siku hizi wateja wanaulizia sabuni ngumu ya akina mama, na duka moja haliwatoshi.

Mama Povu alipoanza kufunga mizigo, moyo wangu ukaingia baridi. Nikamfuata mke wangu kwenye vichanja.

"Tumwombe abaki," nikamwambia. "Akiondoka huyu, kikundi kitakufa."

Mke wangu akageuza mche mmoja, akageuza wa pili, wala hakunitazama.

"Kwani alipokuja, alitukuta makaburini?"