Kadi Tatu za Makongeni

Mtoto wa tatu kuuawa na surua mwezi huo alikutwa amekata roho saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu tarehe 13 Mei 1996, mgongoni mwa mama yake, kwenye foleni ya kliniki ya mtaa, Makongeni. Upele wa surua ulimjaa hadi kwenye kope. Mama yake, Nzisa, hakulia. Alimnyooshea bwana afya Mbaluka kadi ya kliniki.

"Alidungwa chanjo. Si muhuri ndio huo?"

Mbaluka aliuangalia. Ndindi, mwanawe wa mwaka mmoja, alidungwa chanjo ya surua hapa hapa, na asubuhi hiyo alimwacha nyumbani akikohoa, macho mekundu.

Kufikia saa tatu, akina mama wa bombani walishampata mkosaji: Muoki, bawabu wa kliniki, aliyetoa dawa ya chanjo kwenye friji ili apoze soda za arusi ya bintiye. Vijana walianza kukusanyika getini. Mbaluka akamwingiza ofisini upesi.

"Soda niliweka, bwana afya, nifunge tu," Muoki alisema. "Lakini arusi ilikuwa Pasaka. Hawa walidungwa lini?"

Mbaluka alipanga mezani kadi tatu za watoto waliokufa. Februari 9. Februari 16. Machi 1. Zote kabla ya Pasaka. Akaitungua kalenda ukutani, akafuata kwa kidole. Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa tena.

Na surua hapo ilidungwa Alhamisi tu. Chupa moja ni ya watoto kumi, haifunguliwi mpaka wafike kumi. Aliyechelewa huambiwa arudi wiki ijayo. Dawa ikishachanganywa, masalio humwagwa jioni ile ile, maana kesho yake haimkingi mtu.

Saa nne na dakika ishirini alifunga mlango wa chumba cha sindano. Sista Adoyo, mcheshi aliyemjua kila mtoto kwa kicheko chake, alikuwa akichemsha sindano.

"Sista, masalio ya Alhamisi ulikuwa unayamwaga saa ngapi?"

Alijibu kwamba friji haijawahi kuharibika. Mbaluka akaziweka kadi mbele yake, kisha kalenda juu ya kadi. Adoyo alizima jiko, akakaa.

"Wanatembea kutoka Mathare, wamechelewa siku moja tu. Dada yangu aliambiwa arudi Alhamisi ijayo. Ilipofika, alikuwa ameshamzika mwanawe. Nikaapa sitamrudisha mama yeyote."

"Ulijua haifai."

"Nilijua ya kitabuni. Nikasema friji ni baridi, itashika."

Nje, Nzisa alianza kulia, sauti moja ndefu.

Mbaluka alimwambia Adoyo kwamba polisi watakuja, lakini kwanza ataje watoto wote wa Ijumaa; wadungwe upya leo, kabla surua haijawafikia. Adoyo hakuhitaji daftari. Alitaja jina na baba, mmoja mmoja, Mbaluka akiandika. Alipofika la kumi na moja akaishika kalamu ya Mbaluka.

"Mama yake alikuja amechelewa, bwana afya. Alinisihi."

"Taja jina, sista."

"Ndindi Mbaluka."

Mbaluka aliliandika, akalipigia mstari chini. Kisha akauliza la kumi na mbili.